Mambo ya Nyumbani: Barafu Njema na Barafu Mwizi

Juma hili tutasema juu ya barafu. Najua wako watakaocheka. Sisi tunakaa kando ya ziwa, jua latuwakia mwaka mzima, barafu yatuhusu nini? Lakini ingieni leo katika duka lolote pale Nansio, au katika nyumba za vijiji vilivyokwisha kupata umeme, mtaona friza imesimama pembeni inanguruma. Inueni kifuniko mtazame ndani. Mara nyingi mtakuta barafu imeota kutani pande zote, nyeupe, nene, hata nafasi ya samaki imebaki nyembamba kama mdomo wa mtungi. Naye mwenye friza atawaambia kwa furaha: Tazameni, hii ina nguvu, yapiga barafu kweli kweli!

Amekosea, na kosa hilo lamtoza fedha kila siku. Barafu ile si dalili ya nguvu. Ni mzigo. Kadiri inavyozidi kutanda kutani, ndivyo samaki walio katikati wanavyozidi kukosa baridi. Wengi hawasadiki neno hili wanapolisikia mara ya kwanza, basi tulieleze polepole.

Zamani baridi ilikuwa kitu cha wachache. Miaka ya 1950, mtu wa kijijini aliyetaka kuona barafu ilimpasa aende kwenye nyumba ya misioni au hospitali yenye jokofu la mafuta ya taa: moto mdogo wa utambi chini, baridi juu. Watoto walistaajabu, na watu wazima pia, moto unawezaje kuzaa baridi? Werevu huo ulitoka kwa wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Lakini samaki wetu hawakuwa na habari na majokofu hayo. Dagaa walianikwa juani, na samaki wengine wakakaushwa au wakabanikwa kwa moshi, wakasafiri mbali bila kuoza.

Kisha akaja sangara. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akazidi kupita kiasi. Ni samaki mkubwa, mwenye mafuta, asiyekubali kukauka juani kama dagaa. Miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vinakata minofu yake na kuipeleka Ulaya, na maboti ya kukusanya samaki yakazunguka visiwani na barafu tumboni mwake. Hapo watu wa mialoni wakajifunza kwamba samaki mwenye barafu ana bei moja, na samaki asiye na barafu ana bei nyingine kabisa. Baadaye umeme ukaanza kusogea. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kule Ukara, kijijini Bwisya, mtambo wa umeme wa jua ulianza kuwapa watu umeme mwaka 2016. Umeme ukifika kijijini, kwanza huja taa, kisha redio na simu, halafu friza. Na friza haiji bure. Wengi huinunua kwa mkopo wa kikundi, na mkopo hulipwa kwa sato na sangara wanaouzwa wakiwa wabichi.

Basi, barafu ile ya kutani yatoka wapi? Si maji ya mtambo, kama wengine wanavyodhani, wala haitoki katika gesi. Yatoka hewani. Mmewahi kuona chupa ya soda baridi ikiwekwa mezani jinsi inavyotoka jasho? Soda haikupenya kioo. Ni hewa yenye unyevu imegusa kitu baridi, ikaangusha maji yake hapo. Ndivyo umande unavyoshuka alfajiri juu ya majani. Ndani ya friza jambo ni lile lile, ila ukuta wake ni baridi mno, na maji yale hayabaki maji, yanaganda papo hapo. Tone juu ya tone, siku juu ya siku, mpaka ganda linakuwa nene.

Na hewa ya kwetu ni tajiri wa maji. Tunakaa katikati ya ziwa! Hewa yenye joto la digrii 25, ikiwa imeshiba, hubeba gramu 23 za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa yenye digrii 18 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi inayotakiwa katika friza ya chakula, haiwezi kubeba hata gramu 2. Tazameni hesabu yake. Tuseme hewa ya jikoni mwako siku ya kawaida imebeba gramu 18 katika kila mita ya ujazo. Friza yako ni ya kusimama, ya mlango wa mbele, na ndani mna nafasi tupu ya lita 150. Ukifungua mlango, hewa baridi, ambayo ni nzito, yamwagika miguuni pako kama maji, na hewa ya jikoni yaingia mahali pake. Unapofunga, hewa hiyo yaacha humo gramu 2 na nusu za maji. Ni nusu ya kijiko cha chai, nani angejali? Lakini fungua mara 20 kwa siku: gramu 50. Kwa mwezi ni kilo 1 na nusu ya barafu uliyoiingiza kwa mkono wako mwenyewe. Na mwenye duka anayefungua mara 60 kwa siku ajihesabie. Hapo bado hatujataja samaki wabichi waliowekwa wakichuruzika maji.

Ndiyo maana friza ya kulala, yenye kifuniko juu, huota barafu polepole kuliko ya kusimama. Kifuniko kikiinuliwa, hewa baridi hutulia chini kama uji katika bakuli. Mtu anayenunua kwa ajili ya biashara ya samaki, na akaniuliza, ningemwambia anunue ya kulala, hata kama ile ya kusimama yapendeza zaidi sebuleni.

Sasa madhara yake. Kazi ya friza si kuingiza baridi. Kazi yake ni kutoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Gusa nyuma yake au ubavuni, utalisikia joto hilo. Joto la samaki latoka kupitia ukutani, kwenye mabomba membamba yenye gesi. Barafu laini iliyotanda kutani ina hewa nyingi ndani yake, nayo huzuia joto kama blanketi. Je, mtu akivaa blanketi joto lake latoka? Halitoki. Vivyo hivyo samaki wako wamekaa ndani, joto lao lataka kutoka, blanketi limeziba njia. Kompresa yasikia kwamba bado kuna joto, yaendelea kufanya kazi, haipumziki mchana wala usiku. Uniti za LUKU zaisha kabla ya siku zake, kompresa yachakaa kabla ya miaka yake, na sangara wa katikati ukimbonyeza kwa kidole waona amelegea. Wewe umeona kuta nyeupe ukadhani una baridi nyingi.

Hapa najua mtu atainua mkono. Atasema: Lakini umeme wetu hukatika, na barafu ile hutusaidia kutunza baridi mpaka urudi. Jibu ni zuri kiasi, nami silidharau. Ni kweli kwamba barafu inapoyeyuka hula joto jingi. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yaweza kupoza kilo 4 za maji kutoka digrii 20 mpaka sifuri. Lakini barafu ya kutani ikiyeyuka hudondoka juu ya samaki, yatiririka chini pamoja na damu yao, na umeme ukirudi yote yaganda kuwa jiwe moja. Mmeona watu wakimtoa sato kwa shoka? Ndiyo hiyo.

Akiba ya baridi iko, tena ni rahisi. Chukua chupa za maji za plastiki, zioshe, zijaze maji mpaka sehemu 9 katika 10, usizidishe, maana maji yakiganda huvimba na kupasua chupa. Funga vizuri, zipange chini na pembeni na katikati ya samaki. Hiyo ndiyo barafu njema. Imefungwa, haidondoki, haizibi ukuta, na umeme ukikatika hufanya kazi ile ile uliyoitaka kwa barafu ya kutani. Tena hujaza nafasi tupu, na nafasi ikiwa ndogo, hewa yenye unyevu haina mahali pa kuingia. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hutunza baridi kwa muda wa siku 2 hivi. Yenye nusu ya mzigo, siku 1. Chumba kikiwa na joto kali muda huo hupungua. Basi umeme ukikatika, mtu asifungue kila saa kutazama kama samaki wapo. Wapo.

Umeme ukichelewa sana, pima kwa mkono. Samaki aliyeanza kulegea lakini bado ni baridi kama barafu, mpikeni siku ile ile. Aliyekwisha kupata joto asirudishwe katika friza akauzwe kama mzima. Kuganda hakumponyi samaki aliyeanza kuharibika, kunamficha tu, na mteja akifika nyumbani atajua.

Haya, tufanye nini ili barafu mwizi isiote? Kwa kuwa yaingia mlangoni, tuanze na mlango.

Kuna mpira unaozunguka ukingo wa mlango au kifuniko. Wengi hawautazami tangu siku ya kununua. Mpira ukiwa mchafu, umepasuka au umekauka, hewa huingia usiku na mchana hata kama hakuna aliyefungua, na utaona barafu imekuwa nene mahali pamoja, penye ufa. Upime hivi: weka karatasi kwenye ukingo, funga, kisha ivute. Ikishikwa, mpira ni mzima. Ikiteleza bila ugumu, hapo pana njia. Pima pande zote nne, si mahali pamoja. Au usiku, zima taa, weka tochi inayowaka ndani ya friza, funga, utazame kama mwanga watokeza popote. Watoto hupenda sana kazi hii. Mpira mchafu uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushwe. Uliojikunja waweza kunyooka ukikandwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto. Uliopasuka ubadilishwe. Gundi na gazeti havitafaa kitu.

Tazama pia jinsi friza inavyokaa. Ikiwa sakafu imeinama, mlango haushiki sawasawa. Isiwekwe barazani juani, wala karibu na jiko. Nyuma yake iachiwe nafasi ya kiganja kizima, joto lipate kutoka.

Halafu yako mazoea ya kufungua. Shida kubwa ya maduka yetu ni friza moja yenye kazi tatu: samaki wa biashara, maji ya kunywa, na barafu za watoto. Mtoto anakuja na shilingi zake, kifuniko chainuliwa. Anakuja mwingine, chainuliwa. Anayetaka maji anataka kuchagua chupa, kifuniko kiko wazi na maongezi yanaendelea. Wanaokuja kwa shilingi chache wanaharibu samaki wa maelfu. Dawa yake ni hii: asubuhi toa kiasi cha kuuza mpaka mchana, ukiweke katika sanduku la baridi au ndoo nene yenye kifuniko, pamoja na chupa mbili za barafu. Wateja wa rejareja wahudumiwe kutoka humo. Friza yenyewe ifunguliwe asubuhi, mchana na jioni, basi. Hata friza iliyokufa, ambayo fundi ameshindwa nayo, kuta zake bado ni nene na yafaa sana kwa kazi hii. Mialoni watu hawazitupi, wanazitumia kama masanduku ya barafu.

Na samaki wenyewe. Yuko mtu anayemtoa sato ziwani, vuguvugu, analowa maji, na kumtupa katika friza pamoja na wenzake 30 kwa mara moja. Friza ya nyumbani haikufanywa kugandisha mzigo wa namna hiyo. Soma kibandiko chake. Nyingi huonyesha ni kilo ngapi zinazoweza kugandishwa kwa saa 24, na hesabu hiyo huwa ndogo kuliko tunavyotaka. Ukizidisha, joto na maji yao hupanda na kutua kutani kama barafu, na wale walioganda jana huanza kulegea. Afadhali kwanza wapoze katika beseni au sanduku lenye barafu iliyopondwa, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena. Kwa nchi ya joto kama yetu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki ndicho kipimo kizuri. Acha tundu chini, maji yatoke. Sangara aliyewekwa hivyo tangu alipovuliwa, na barafu ikaongezwa kila inapopungua, hukaa zaidi ya majuma mawili akiwa anafaa kuliwa. Kumbe kwa anayepeleka samaki Mwanza kwa meli, safari ya saa tatu hivi, huenda hata hahitaji friza. Ahitaji sanduku zuri na barafu ya kutosha.

Akitoka katika beseni, mchuruzishe, mfute, mfunge, ndipo aingie friza. Mfungeni katika vifungashio vya chakula au chombo chenye kifuniko. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, msije mkasema gazeti limewatuma.) Samaki asiyefungwa hupoteza maji yake mwenyewe, na maji hayo ndiyo yanayokwenda kutua kutani. Yeye anabaki na madoa meupe, amekauka kama ubao, hata ukimpika kwa nazi hana ladha. Yaani barafu ya kutani nyingine ni utamu wa samaki wako uliohama! Viwandani wana hila nzuri: samaki akiisha kuganda kabisa humchovya upesi katika maji safi yaliyo baridi sana, akapata ganda jembamba la barafu mwili mzima, kama kanzu. Ganda hilo ndilo linalokauka badala yake. Nyumbani nanyi mwaweza, kwa samaki mkubwa asiyeenea katika chombo.

Chakula cha moto kisiingie kamwe. Baada ya sherehe ya ubatizo au harusi, sufuria la pilau lililobaki, likitoa moshi, hutiwa ndani na kifuniko kikafungwa juu yake. Mvuke wote ule waenda wapi? Mwajua sasa. Kigaweni katika vyombo vipana, kipoe upesi mahali penye upepo, kifunikwe, ndipo kiwekwe. Lakini kisilale nje usiku kucha. Saa mbili zatosha.

Hata tukifanya yote hayo, barafu kidogo itaota, kwa kuwa mlango sharti ufunguliwe. Basi iyeyusheni kabla haijawa nene. Kipimo ni penseli: ganda likifikia unene wa penseli, siku imefika. Msingoje Krismasi.

Na hapa nawaomba sana, hasa akina baba na vijana wenye haraka: kisu kikae mbali. Najua nyumba moja ya jirani ambapo mama mjane alilipia friza yake kwa kikundi miezi mingi. Kijana wa nyumbani akataka kumsaidia, akachukua bisibisi na nyundo kuibandua barafu. Ikatoka vizuri, kipande baada ya kipande, kisha wakasikia ssss, kama nyoka. Bomba la gesi lilikuwa nyuma ya bati jembamba, si mbali kuliko unene wa ukucha. Ndani ya saa moja friza ilikuwa kabati. Samaki walipikwa na kugawiwa majirani usiku ule, na mkopo ukabaki. Fundi alikuja akasema tundu la bati la alumini halizibiki kwa urahisi; sharti azungushe mabomba mapya ndani. Gharama ikawa karibu nusu ya bei ya friza. Na si hasara tu. Mafriza mengi ya siku hizi yana gesi iitwayo R600a, ambayo ni ndugu ya gesi ya kupikia, nayo hushika moto. Ukisikia mlio ule, zima jiko la mkaa, usiwashe kiberiti wala kubonyeza swichi yoyote, fungua milango na madirisha, watu watoke nje.

Njia ya salama ni hii, nayo haina ufundi. Chagua siku ambayo mzigo umepungua. Chomoa waya ukutani. Toa samaki, wapange katika sanduku lenye barafu, au wafunge pamoja kwa magunia na mablanketi mazito. Blanketi lizuialo joto lisitoke huzuia pia lisiingie. Acha kifuniko wazi. Mwenye haraka atie ndani sufuria la maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, lisiguse plastiki, afunge kifuniko kwa dakika 15, abadilishe maji, arudie. Barafu ikianza kuachana na ukuta, itoeni kwa mkono au kwa mwiko wa mti, bila kugongagonga. Jiko la mkaa lisitiwe humo hata kwa dakika moja. Wengine humwaga chumvi. Barafu yayeyuka kweli, lakini chumvi hula bati, na kutu ikianza haiulizi. Wapo pia wanaopaka kuta mafuta ya kula ili barafu isishike. Mimi siwasifu, maana mafuta huoza na kunuka, na harufu huingia katika minofu.

Maji yakiisha kutoka, osha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi soda kidogo, harufu ipate kutoka. Kisha kausha. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Matone yanayobaki ukutani ndiyo yatakayokuwa barafu ya kwanza, na barafu ya kwanza huita nyingine. Kausha kwa kitambaa kikavu mpaka kwenye pembe, washa, funga, ingoje ipate baridi kabisa ikiwa tupu, ndipo samaki warudi.

Neno moja kwa walio karibu na zahanati, kwa kuwa nimeulizwa. Jokofu la chanjo nalo huota barafu na huyeyushwa kwa njia hizi hizi, lakini lina sheria yake. Baridi yake ni kati ya digrii 2 na 8, na baadhi ya chanjo, kama ile ya pepopunda, zikiganda mara moja zimekufa hata kama kwa macho zaonekana sawa. Basi mtu asimwombe muuguzi amwekee humo samaki wake au soda zake. Kila mlango unaofunguliwa kwa ajili ya soda huingiza joto juu ya chanjo za watoto.

Yako pia majokofu yasemwayo hayaoti barafu. Hayo yana kipasha moto kidogo ndani ambacho huwaka chenyewe kila baada ya saa kadhaa, kikayeyusha barafu, na maji yakatoka kwa tundu nyuma. Ukiona barafu katika jokofu la namna hiyo, kuna kasoro. Kwanza tazama lile tundu, mara nyingi limezibwa na punje ya wali au mchuzi uliomwagika. Lizibue kwa maji ya vuguvugu. Likiwa wazi na barafu bado yaja, huenda kipasha moto au feni imekufa, mwite fundi.

Na friza ya kawaida, ikiwa mpira ni mzima, watu hawafungui ovyo, samaki wamefungwa vizuri, na bado barafu yafikia penseli kwa majuma mawili? Tazama kwanza kitufe cha kupimia baridi. Pengine mtoto amekizungusha mpaka mwisho. Kirudishe katikati, ngoja siku 2. Barafu ikiota upande mmoja tu karibu na mahali bomba linapoingia, na upande mwingine ni mkavu wala hauna baridi, basi gesi imepungua, na hilo si la kuyeyusha kwa maji ya moto. Fundi akija na mtungi wake akataka kujaza gesi mara moja, mzuie kwanza. Mwulize imetokea wapi. Gesi haipungui kwa kutumika kama mafuta ya taa, hupungua kwa tundu tu, na tundu lisipozibwa utamlipa tena baada ya mwezi.

Juma lijalo: kubanika sangara kwa kuni chache, kwa wale ambao umeme haujawafikia.